Kuwapeleka watoto Pemba wakati wa vuli: yale niliyoyaona na wanangu

Waalaykumu salaam, dada uliyeuliza. Umeeleza kwamba mnarejea nyumbani baada ya miaka mingi Marekani, kwamba watoto wako watatu wamezoea kupelekwa milimani kila mwezi wa Oktoba kutazama majani ya miti yakigeuka rangi, kuchuma matofaa na kuchagua maboga shambani, na unataka kujua kama Pemba kuna jambo la aina hiyo kwa familia, mbali na pwani na mahoteli. Mimi nimezaliwa huko huko Pemba, karibu na Mtambile, ninaishi Unguja, na kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikiwapeleka wanangu wanne shamba karibu kila vuli. Jibu langu ni kwamba jambo hilo lipo, ila halina lango wala tiketi, na ukilitafuta kama tamasha lenye tarehe utalikosa.

Tuanze na mahali. Pemba haina milima mirefu, lakini nchi yake haifanani na ya Unguja. Upande wa magharibi, kutoka Mkoani kupitia Chake Chake hadi Konde, ni vilima vinavyofuatana, na katikati yake mna mabonde ya mpunga. Mashariki ardhi inalala na kuwa ya mawe. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhraa, yaani kisiwa cha kijani, na anayeshuka Mkoani baada ya mvua za mwanzo za vuli hahitaji kuelezwa sababu. Kaeni magharibi, kijijini, kwa jamaa kama mnao, kwa sababu mengi nitakayoyataja huanza alfajiri na humalizika baada ya Isha.

Kubwa kuliko yote ni karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha mingi ya Pemba imesimama, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka huku. Msimu unapokuwa mzuri, uchumaji huendelea kwa miezi kadhaa na mara nyingi huingia ndani ya vuli, na vijiji hubadilika kabisa: wachumaji hupiga kambi chini ya miti, wauzaji wa chai na mandazi huwafuata huko huko, na njia zote hunukia. Hata hivyo, mikarafuu haizai sawasawa kila mwaka. Kuna mwaka matawi yanainama kwa uzito na mwaka unaofuata mti huo huo hauna kitu, kwa hivyo mpigieni simu mtu wa shamba kabla ya kukata tiketi ya boti.

Kazi ya watoto katika msimu huo ni kuchambua, na hapo ndipo ninapotaka uwapeleke wanao. Jioni magunia ya karafuu mbichi humwagwa juu ya jamvi, watu wazima na watoto wakakaa kulizunguka, na kila mmoja akachukua shada, akalisugua dhidi ya kiganja mpaka vichwa vya karafuu vikadondoka upande mmoja na makonyo, yaani vijiti vya shada, yakabaki upande wa pili. Mwanangu wa tatu alipokuwa na miaka sita alichambua kwa saa nzima bila kusema neno, kisha akainua mikono akaniambia kwamba vidole vyake vimelala. Vilikuwa vimegeuka kahawia na vinanata, na ncha zake zimeingia ganzi kwa mafuta ya karafuu. Bibi yake akampa punje moja aitie mdomoni ili na ulimi nao ulale, na usiku ule wote hapakuwa na mtoto aliyeuliza habari ya simu. Wakubwa huhesabu kazi yao kwa pishi, kipimo cha ujazo, nasi tuliwapa watoto kikopo chao wahesabie, na asubuhi kila mmoja akalipwa haki yake, kwa kuwa sioni vizuri mtoto afanye kazi kweli halafu alipwe kwa kupongezwa tu.

Baada ya hapo huja kuanika. Jua likiwa kali, karafuu hukauka kwa siku tatu hadi tano, nayo iliyokauka vizuri huvunjika kwa mlio ukiikunja. Lakini vuli ni msimu wa mvua za ghafla, na kazi ya watoto kila nyumba ni kutazama wingu. Mmoja akipiga kelele kwamba mvua inakuja, kijiji kizima hukimbia, majamvi yakakunjwa na kuingizwa ndani kabla ya tone la kwanza, jirani akisaidia jirani. Wanangu hukumbuka mbio hizo kuliko kitu chochote tulichokilipia. Mkipenda kuona karafuu zinakoishia, kiwanda cha kukamua mafuta ya makonyo kipo Wawi, karibu na Chake Chake, na harufu yake huwapokea kabla hamjafika.

Kwa jambo moja sitakuwa mpole: mtoto asipande mkarafuu, hata akiona wenziwe wa kijijini wanapanda. Matawi yake ni mepesi kukatika, na hata wachumaji wazoefu huanguka na kuvunjika, wengine hupoteza maisha. Mpe ngoe, yaani kijiti chenye ndoano, avute tawi la chini akiwa amesimama ardhini, inamtosha.

Siku msizokuwa shamba, nendeni Kidike, upande wa Ole, kuwatazama popo wa Pemba, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Ni wakubwa, mbawa zao zikitandazwa hufikia kiasi cha mita moja na nusu, na mchana huning'inia mitini kwa mamia kama matunda meusi. Kwenye miaka ya 1980 walikaribia kumalizika kwa kuwindwa, na waliowaokoa kwa sehemu kubwa ni wanavijiji wenyewe walioamua kuwalinda. Mwelezeni mtoto jambo hilo akiwa anawatazama. Msitu wa Ngezi, baada ya Konde, nao ni lazima: kuna njia ya kutembea chini ya miti mikubwa inayowafaa hata watoto wadogo, na ukifuatana na mtembezaji usiku unaweza kumsikia bundi wa Pemba. Vaeni viatu vya kufunika mguu, kwani baada ya mvua udongo mwekundu huteleza sana.

Umeuliza kuhusu sherehe. Watu wengi watakutajia mchezo wa ng'ombe, ambao husemwa umeachwa na Wareno. Ng'ombe hufungwa kamba ndefu, wachezaji humchokoza kwa kitambaa, zumari na ngoma hupigwa, wanawake huimba, na ng'ombe hauawi. Ni mchezo wa kupendeza mno, lakini si wa vuli hasa, kwa sababu michezo mingi huchezwa wakati wa kaskazi, vuli ikishapita na masika hayajaingia, katika vijiji kama Kengeja, Pujini na Wingwi. Mwaka mmoja niliambiwa tarehe na dereva, nikawafunga wanangu safari ya saa mbili, tukakuta uwanja mtupu umejaa maji na ng'ombe wawili wanakula majani. Mdogo alilia njia nzima ya kurudi. Tangu siku hiyo simwamini mtu kuhusu tarehe isipokuwa mkaazi wa kijiji chenyewe, tena nampigia asubuhi ya siku ile ile. Mkiupata mchezo, wakalisheni watoto mbali na uwanja au juu ya ukuta, kwa maana kamba hukatika.

Maulidi nayo hufuata Mfunguo Sita, yaani Rabiul Awwal, na kwa kuwa mwezi huo husogea nyuma kiasi cha siku kumi na moja kila mwaka, huenda mkaipata au mkaikosa. Mkialikwa harusini, nendeni bila kusita, hasa kama kuna ngoma ya msewe, na muwatafutie watoto mahali pa mbele wasikie njuga za miguuni.

Ningekuwa wewe ningefika katikati ya Novemba na kukaa hadi likizo ya Disemba, kwani hapo embe dodo na boribo zimeshaanza kuiva, doriani zinauzwa kando ya njia, na mwisho wa Disemba pengine mtawahi mchezo wa ng'ombe wa kwanza. Chukueni vyandarua, nguo za mikono mirefu za jioni, na nguo mbili za kila mtoto ambazo hamtasikitika zikipata madoa ya karafuu, kwa sababu hayatoki.