Wifi Yako Amekudai, Hajakutukana

"Shangazi, kaka yangu alioa Masasi. Mkewe alipokuja Unguja nilimlaza kwangu, nikamwingiza kwenye umoja wa akina mama wa kanisani, na leo yeye ndiye mweka hazina. Juzi kasimama na daftari lake mbele ya watu, kasoma jina langu kuwa nadaiwa shilingi 20,000 za michango ya misiba. Sisi watu wa Mbweni, kanisa hili la babu zetu, yeye kaja juzi! Nimemsamehe, lakini nimemtoa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, na siku ya komunyo nangoja apokee arudi kwanza ndipo niende mimi. Kaka yangu kanyamaza tu. Je, nihamie Minara Miwili, kwa Wakatoliki?" – Mwenye Uchungu, Unguja

Pole, mwanangu. Kusomwa jina hadharani kunaumiza, na mweka hazina mwenye busara angekuvuta pembeni kwanza. Hapo wifi yako kakosea, na lawama zangu kwake zinaishia hapo.

Tuje kwako. Barua yako nimeifupisha, yenyewe ina kurasa nne, na zote nne nimezisoma nikitafuta neno moja: "Sidaiwi." Silioni. Umenieleza chumba ulichompa, vitenge ulivyomnunulia, hata siku uliyomfundisha kupika pweza wa nazi. Lakini hiyo elfu 20, kimya! Basi unadaiwa. Kinachokuchoma ni kwamba aliyekudai ni mtu ambaye moyoni umemwandika kuwa mdeni wako. Wahenga wamesema tenda wema nenda zako, wewe ulitenda ukavuta kiti ukakaa kungoja shukrani. Zilipochelewa, ukaanza kuhesabu vitenge.

Unasema umemsamehe. Umemsamehe vipi mtu usiyetaka hata kupiga magoti karibu naye? Unaikumbuka ile habari aliyoisimulia Yesu, ya mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, kisha akatoka nje akamkaba koo mwenzake kwa dinari 100? Dinari ni ujira wa kibarua wa siku moja, kwa hiyo deni la yule mwenzake halikuwa dogo, lilikuwa kazi ya miezi. Yesu hakusema dogo. Kosa la yule mtumwa ni kutoka mbele ya bwana wake kana kwamba hakuna lililotokea mle ndani. Nawe kila Jumapili unatoka hivyo hivyo. Unapokea mkate ambao hukuulipia, unarudi kwenye benchi kuangalia nani anadaiwa nini.

Neema si kikoba, kwamba uweke hisa ndipo ukopeshwe. Ulipewa bure kabla hujafanya jema lolote, na mwenzako alipewa hivyo hivyo siku hiyo hiyo. Ndiyo sababu tunaambiwa tukaribishane kama Kristo alivyotukaribisha sisi. Hatukuambiwa tungojane mpaka kila mmoja awe na adabu za kutosha.

Hilo la "kanisa la babu zetu" ndilo lililonichefua zaidi, maana mimi na wewe tunajua babu zako walifikaje Mbweni. Hawakuja kununua mashamba ya karafuu. Waliletwa na majahazi wakiwa bidhaa, wakakombolewa, wakapewa pa kukaa kwenye shamba la misheni. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini soko la watumwa lifungwe, na hapo Mkunazini lilipokuwa soko ndipo likajengwa kanisa. Tunavyosimuliwa, altare imesimama pale palipokuwa na nguzo ya kuchapia watu viboko. Hapo ndipo unapochagua wa kupiga naye magoti?

Na Masasi unaijua ilivyoanza? Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua baadhi ya waliokombolewa kutoka hapa hapa Unguja, akitaka kuwarudisha upande wa Nyasa. Wakaishia Masasi, wakaanzisha makazi na kanisa. Huyo unayemwita wa kuja huenda babu yake alipanda jahazi moja na babu yako, akaishi Mbweni, akapiga magoti Mkunazini kabla ya bibi yako kuzaliwa. Sina hakika, na wewe huna, kwa hiyo acha kutambia asili.

Kaka yako mwache anyamaze. Mwanamume aliyewekwa katikati ya dada na mke, kila neno atakalosema litakuwa kosa. Siku hizi ndoa nyingi haziuliwi na wanandoa. Zinauliwa na mawifi wanaodhani kaka yao aliazimwa tu, na makundi ya simu ambamo mke wa mtu anatolewa usiku na asubuhi anatakiwa apike chai ya ukoo. Zamani ugomvi wa wifi uliishia uani. Sasa mpaka binamu aliyeko Muscat ana picha zake. Wewe mwenyewe umeandika kuwa jirani yako Muislamu kakupa pole kwa haya. Kayajuaje? Mambo ya daftari la kanisa umeyatoa barazani, halafu unalalamika kuaibishwa!

Minara Miwili watakupokea vizuri, sina neno nao. Anayehama kwa imani nitamsindikiza mwenyewe. Wewe unahama kwa hasira, na huko nako wana akina mama, wana mweka hazina, wana michango.

Kasome waraka wa Paulo kwa Filemoni, ni aya 25 tu. Paulo yumo kifungoni anamwombea Onesimo, mtumwa, apokewe nyumbani kama ndugu mpendwa, na anasema kama anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake yeye Paulo. Hakumkumbusha Onesimo vitenge.

Kisha chukua hiyo elfu 20, nenda nyumbani kwake Jumamosi jioni. Usiende na shangazi wa pembeni wala shahidi. Mpe pesa mkononi, mwambie nilidaiwa kweli na nilikasirika bure. Likikuuma lile la kusomwa jina, mwambie hapo hapo, kwa sauti ya chini, na yeye mwache aseme lake. Asipoomba radhi, kunywa chai yake urudi kwako. Ila kabla hujatoka nyumbani, mrudishe kwenye kundi la ukoo, asije akadhani umetumwa na padri.