Mitungo ya kroshia ya Krismasi: maswali yenu na majibu yetu

Barua nyingi za msimu huu zinahusu mapambo ya kroshia yanayotungwa kwenye kamba, ya kutundika juu ya dirisha, mlangoni au kuzungushia mti wa Krismasi. Tumechagua zile zenye matatizo yanayowapata wengi.

Kwanza tukubaliane majina ya mishono. Sindano tunayoitaja ni ile ya kroshia, yenye ndoano. *Tundu la mnyororo*: zungusha uzi kwenye sindano na uuvute ndani ya kitanzi kilichoko juu yake. *Mshono mfupi*: ingiza sindano, vuta kitanzi, zungusha uzi na uupitishe katika vitanzi vyote viwili. *Mshono wa kati*: zungusha uzi kabla ya kuingiza sindano, vuta kitanzi, kisha pitisha uzi katika vitanzi vyote vitatu kwa pamoja. *Mshono mrefu*: anza kama wa kati, lakini pitisha uzi katika vitanzi viwili, kisha katika viwili vilivyobaki. *Mshono wa kufungia*: ingiza sindano na uvute uzi moja kwa moja hadi nje ya kitanzi kilichoko kwenye sindano.

Salamu kwenu. Ndiyo kwanza najifunza, najua mnyororo na hiyo mishono ya mwanzo tu. Upo mtungo ninaoweza kuumaliza kabla ya sikukuu?

Upo, dada, na hautakata uzi hata mara moja hadi umalize. Chukua uzi wa unene wa kati na sindano ya milimita 5. Fuma matundu 20 ya mnyororo. Hayo ni ya kufungia kwenye msumari. Sasa fuma matundu mengine 13. Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye sindano, bila kuhesabu kitanzi kilichoko juu yake, na katika tundu la tatu fuma mishono mirefu minne. Kila mshono uache kabla ya hatua yake ya mwisho, ili ukimaliza wa nne uwe na vitanzi vitano kwenye sindano. Zungusha uzi, uvute katika vyote vitano, fuma matundu mawili ya mnyororo, kisha mshono wa kufungia katika tundu lile lile ulilotumia. Umepata kifundo kimoja kilichotuna. Endelea: matundu 13, kifundo, matundu 13, kifundo. Mwishoni weka tena matundu 20.

Kwa kipimo hiki vifundo huachana kwa kama sentimita 6 au 7, kwa hiyo mtungo wa mita 2 unataka vifundo kama 30. Kifundo kikionekana kimelegea na kina mianya, sababu ni vitanzi vilivyovutwa kwa urefu tofauti. Kabla ya kupitisha uzi katika vyote vitano, vitazame: viwe na kimo kimoja. Na ukishapitisha, vuta uzi kidogo uukaze, ndipo ufume yale matundu mawili.

Nataka nyota, lakini nyota nyingi ninazoziona zina mizunguko minne au mitano. Nifupishieni.

Mizunguko miwili inatosha. Tumia sindano ya milimita 4 kwa uzi ule ule wa kati, kwa sababu nyota inataka mfumo ulioshikana. Zungusha uzi kwenye kidole kufanya duara linaloweza kukazwa. Fuma tundu moja la mnyororo, ambalo halihesabiwi, kisha mishono ya kati 10 ndani ya duara. Vuta ncha ya uzi ukaze, na ufunge kwa mshono wa kufungia juu ya mshono wa kwanza.

Mzunguko wa pili ndio wa pembe. Fuma matundu manne ya mnyororo. Rudi ukishuka: mshono wa kufungia katika tundu la pili kutoka kwenye sindano, mshono mfupi katika linalofuata, mshono wa kati katika la mwisho. Ruka mshono mmoja wa katikati ya nyota, na katika unaofuata weka mshono wa kufungia. Rudia hadi upate pembe tano. Mishono 10 ikigawiwa miwili miwili hutoka tano kamili. Ukipata nne, au ya mwisho ikakosa pa kukaa, usilaumu pembe: hesabu ya mzunguko wa kwanza ndiyo iliyokosewa, mara nyingi kwa kuuhesabu ule mshono wa kufungia kama mshono wa kati.

Acha ncha ya sentimita 20 unapokata, kwa kuwa ndiyo utakayoshonea nyota kwenye kamba. Ile ya katikati ifiche kwa sindano butu: ipitishe chini ya mishono upande mmoja, kisha igeuze irudi. Ncha iliyopitishwa upande mmoja tu huchomoka, na nyota ikatoboka katikati.

Kujua kama uzi utatosha, fuma nyota moja, ifumue, pima uzi uliotumika. Tuseme ni mita 3 na lebo ya donge inasema mita 100: kwa hesabu ni nyota 33, lakini panga 28, kwa sababu ncha za kukata hula uzi.

Nimefuma vizuri, lakini kamba imevutika. Mtungo ulikuwa mita mbili, sasa katikati umeshuka hadi kwenye kochi. Na nyota zinageuka mgongo.

Hapa ndipo mitungo mingi inapoharibikia, na tungependa wafumaji waipe kamba ya kutundikia umakini mkubwa kuliko wanavyoipa. Mnyororo mtupu ni vitanzi vilivyoshikana kimoja kimoja, na kila kitanzi kinaweza kurefuka kikivutwa. Uzi wa akriliki (wa kutengenezwa viwandani) hurefuka zaidi ya wa pamba. Tibu kwa mojawapo ya njia hizi: fuma mnyororo, kisha urudi juu yake kwa mishono ya kufungia mwanzo hadi mwisho, au laza kamba nyembamba ya pamba juu ya mnyororo na ufume mishono mifupi ukiifunika ndani. Hii ya pili ndiyo imara kabisa, kwani uzito wote unabebwa na kamba na uzi unabaki kuwa pambo.

Nyota kugeuka ni tatizo la kushonewa mahali pamoja. Kitu kinachoning'inia kwa nukta moja hakina cha kukizuia kuzunguka. Shonea pembe mbili za juu kwenye kamba, itakutazama daima. Bendera ya pembetatu nayo ifungwe kwa upande wake wote wa juu.

Kuhusu urefu, wengi huongeza nusu mita kwa ajili ya mbonyeo bila haja. Kwa dirisha la mita 2, mtungo unaobonyea sentimita 30 katikati unahitaji sentimita 12 tu za ziada. Ukitaka ubonyee sentimita 50, ongeza kama 30. Halafu ongeza za kufungia, 30 kila upande. Pima ukiwa umetundikwa, si ukiwa mezani.

Kwa mti, pima mzingo wake wa chini, gawa kwa mbili, zidisha kwa idadi ya mizunguko unayotaka. Mti wenye mzingo wa mita 2.8 chini, ukizungushwa mara sita, unataka kama mita 8.4.

Bendera zangu za pembetatu zinapinda upande mmoja. Naongeza mishono kama mtindo unavyosema!

Tunadhani unapoteza mshono wa mwisho wa kila mstari. Anza kwa matundu manne ya mnyororo, kisha mishono mirefu miwili katika tundu la kwanza kabisa ulilofuma. Matundu matatu yaliyobaki yanahesabiwa kama mshono, hivyo una mitatu. Geuza. Kila mstari unaofuata: matundu matatu ya mnyororo (ni mshono wa kwanza), mshono mrefu mmoja pale pale chini yake, mmoja katika kila mshono, na miwili katika wa mwisho. Huo wa mwisho ni kilele cha yale matundu matatu ya mstari uliopita. Hauonekani kama mshono, ndiyo maana watu huuruka, na upande huo haupanuki.

Hesabu kila mstari: 3, 5, 7, 9, 11, 13. Ishia 13, bendera itakuwa na upana wa sentimita 9 au 10. Kuziunga, fuma matundu 20, kisha mishono mifupi 13 juu ya bendera ya kwanza, matundu 5, bendera ya pili, na kuendelea. Bendera kumi hufika kama mita 1.2. Nyekundu na nyeupe zikipishana hupendeza, ila lowesha kwanza kipande cha uzi mwekundu na ukibane ndani ya kitambaa cheupe. Ukitoa rangi, usiupe maji tena ukiwa umeshaungwa na mweupe.

Mduara wangu wa theluji unakuwa bakuli. Na pembe za nyota zinajikunja. Nipige pasi?

Mduara ni suala la hesabu. Kwa mishono mirefu anza na 12, kisha 24, kisha 36. Kwa mishono mifupi 6, 12, 18. Mshono mrefu una kimo kikubwa, hivyo ukingo hutanuka zaidi kila mzunguko na unadai nyongeza kubwa zaidi. Ukiongeza pungufu, unapata bakuli. Ukizidisha, ukingo unafanya marinda.

Pembe zinazojikunja hutokana na mnyororo uliokazwa mno. Jaribu sindano kubwa zaidi kwa nusu milimita. Pasi usiiguse kwenye akriliki: nyuzi hulainika, hung'aa na kulegea, na hazirudi zilivyokuwa. Tia wanga. Koroga kijiko kikubwa kimoja cha wanga wa mahindi katika maji baridi kidogo, mimina katika kikombe cha maji yanayochemka, koroga hadi uive na uwe laini, uache upoe. Chovya, kamua, tandaza juu ya kadibodi iliyofunikwa plastiki, bana kila pembe kwa pini isiyoshika kutu, uache hadi pakauke kabisa. Pamba hunywa wanga vizuri. Akriliki haiunywi sana. Kwa hiyo tumia gundi nyeupe na maji, sehemu sawa, ukijua kwamba ugumu huo ni wa kudumu. Maji ya sukari hatuyashauri: huvuta sisimizi, na hewa ikiwa na unyevu pambo hunata.

Naweza kuupitisha karibu na mishumaa na taa za mti?

Mishumaa, hapana. Pamba hushika moto upesi, na akriliki huyeyuka ikiwaka na kung'ang'ania ngozi. Taa za LED hazichemki kama balbu za zamani, hizo zinafaa, mradi waya wake usiwe na mikwaruzo. Nyumba yenye mtoto mchanga, mtungo ukae mbali na kitanda chake, na vifundo vishonwe imara hata mkono mdogo usiving'oe.

Wakati wa kuhifadhi, zungushia mtungo kwenye kadibodi iliyokatwa pengo kila upande ili usijisokote. Uliotiwa wanga uoshe kwanza na uukaushe, kwa kuwa wanga huvuta wadudu kabatini. Mwakani utautia mwingine.