Maswali yenu: Mawazo yanapofika hadi kitandani

Barua za wiki hii zimerudia neno moja: mawazo. Kwetu mtu akisema "nina mawazo" hahitaji kueleza zaidi. Nawajibu kwa zamu.

Nalala saa nne, lakini ikifika saa tisa usiku usingizi unakatika. Nawaza kodi, ada na deni la kikoba mpaka adhana. Nifanyeje? (Baba wa watoto watatu, Temeke)

Kaka yangu, saa tisa usiku deni la laki mbili linakuwa kama la milioni mbili, kwa sababu saa hiyo huna unachoweza kulifanyia. Mwenye nyumba amelala, mweka hazina wa kikoba amelala, akili inabaki kuzunguka palepale. Basi iwahi jioni. Kabla ya chakula chukua daftari la mtoto lililobakiwa na kurasa, andika kila kinachokusumbua, na mbele yake hatua moja tu ya kesho: "Kodi: nimwone mwenye nyumba saa mbili, niombe kulipa nusu." Hatua hiyo si lazima imalize deni. Inatosha akili ijue kwamba jambo limeshapewa siku yake.

Ukiamka na usingizi ukagoma, usijigeuzegeuze kitandani. Ondoka, kaa kwenye kiti bila kuwasha taa kali, urudi usingizi ukikujia. Simu ilale sebuleni. Na kahawa ya barazani baada ya magharibi najua ina raha yake. Nenda ukazungumze na wenzako, ule kashata, lakini kikombeni iwe tangawizi. Kafeini haitoki mwilini upesi: kwa watu wengi, saa tano baada ya kunywa karibu nusu yake bado imo.

Nauza supu na chapati. Naamka saa kumi alfajiri, nafunga saa nane mchana, nikirudi nafua. Mnaposema "jipe muda", muda huo uko wapi? (Mama lishe, Mwanza)

Una haki ya kuuliza, mama. Mashauri mengi ya kujitunza yameandikwa kwa mtu mwenye Jumamosi ya kupumzika.

Kuna mama anapika karibu na ninapofanyia kazi. Asubuhi moja nilikaa kwenye benchi lake nikimtazama: alimimina vikombe kumi na tisa vya chai kabla hajagusa chake, na alipokigusa kilikuwa kimepoa, maziwa yameweka utando juu. Nilimwomba abadilishe jambo moja tu, kikombe cha kwanza kiwe chake. Siku hizi, kabla hajaanza kuhudumia, anakaa kwenye kigoda, ananyoosha miguu, anakunywa chai ya moto na chapati moja, simu ikilia haipokei. Hazizidi dakika kumi. Wakopaji bado wanamuudhi, lakini ameniambia kwamba hafiki tena nyumbani akiwafokea wanawe. Nami namwamini, maana mtu aliyeshinda na njaa tangu alfajiri hasira yake iko karibu.

Wateja watasubiri hizo dakika kumi. Na kuhusu kufua: mtoto wa miaka kumi, awe wa kike au wa kiume, anaweza kufua sare yake mwenyewe. Mwachie beseni na sabuni.

Mama yangu alipata kiharusi na ninamuuguza peke yangu. Nikitoka, hata kwenda kusuka tu, nafsi inanisuta. (Binti, Tanga)

Mdogo wangu, kumgeuza mgonjwa, kumwogesha, kumlisha na kumnyoosha viungo, mwezi baada ya mwezi, si kazi ya mtu mmoja. Hao ndugu wanaouliza "anaendeleaje?" kwenye kundi la WhatsApp wapangie zamu. Usiandike "njooni mnisaidie". Andika: "Shangazi, Jumamosi saa nne hadi saa nane ni zamu yako." Ombi lenye siku na saa ni gumu kulikwepa.

Kisha nenda kasuke. Kusukwa ni saa tatu za kukaa chini, mikono ya mtu mwingine iko kichwani mwako, soga zinaendelea. Wewe unayemshika mgonjwa kutwa nzima, wewe unashikwa na nani?

Mazoezi yanasaidia kweli, au ni ya wenye hela za jimu?

Yanasaidia, na hayahitaji jimu. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kutembea kwa haraka kumo. Shuka kwenye daladala kituo kimoja kabla.

Nasali, nafunga, lakini hii ni wiki ya nne sina hamu ya kula wala ya kuonana na watu. Naambiwa imani yangu ni haba. (Morogoro)

Sala usiiache. Lakini muumini akiugua malaria hatumpimi imani, tunampeleka akapimwe damu. Kukosa hamu au kuwa na huzuni karibu kila siku kwa zaidi ya wiki mbili kunaweza kuwa sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Anza na hospitali ya wilaya, mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi.

Wazimbabwe nao wana neno lao kwa Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha bibi wa mtaani Harare kukaa kwenye benchi la kliniki na kumsikiliza mwenye mawazo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida, na mpango huo umeshafika hadi Zanzibar. Kwa hiyo, unapongoja siku ya hospitali, mtafute bibi yako: mtu mzima asiyetoboa siri na asiyekimbilia kukuhukumu.

Na kama umewahi kufikiria kwamba ni heri usiwepo, usingoje siku nyingine. Mwambie aliye karibu nawe sasa hivi, asikuache peke yako, mwende hospitali leo. Barua yako nimeiacha juu ya meza. Ukirudi, niandikie walivyokuambia.