Gari Linalokula Oili: Pima Kabla ya Kushusha Injini

Mwaka jana, nikitokea Iringa kwenda Dar es Salaam, niliteremka mlima Kitonga kwa gia namba mbili, mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta kwa muda mrefu, kama afanyavyo yeyote anayeogopa kuchemsha breki. Tulipofika chini na barabara ikanyooka nilikanyaga mafuta, na papo hapo simu ikaita. Alikuwa mke wa mdogo wangu, ambao walikuwa wakitufuata kwa gari lao: "Shemeji, simama pembeni, gari linaungua!" Halikuwa likiungua. Lilikuwa limetema wingu la moshi wa bluu lililowafunika wao pamoja na basi lililokuwa nyuma yao, kisha moshi ukakatika kana kwamba hakukutokea kitu.

Gari lenyewe ni dogo, la mwaka 1999, lenye injini ya petroli ya silinda nne na valvu 16, na limekwisha kutembea zaidi ya kilomita 260,000. Fundi wa kwanza niliyempelekea alinisikiliza kwa nusu dakika, akainama kutazama eksozi, akatoa hukumu: ringi, yaani pete za pistoni, zimeisha, injini ishushwe. Ninamheshimu kila anayejichafua mikono kwa kazi ile, lakini hakuwa amepima chochote, na kwa gari la umri huo gharama ya kushusha injini na kuijenga upya hukaribia bei ya injini nyingine ya mtumba. Nilimwomba anipe wiki tatu.

Kabla ya kuuliza kwa nini oili inapungua, ni lazima ujue inapungua kwa kiasi gani na inakwenda wapi. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare, nilichomoa stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha na kuichomoa tena, kisha nikaandika kiwango na kilomita kwenye daftari la mwanangu la shule lililobaki na kurasa tupu. Usiku nilitandika boksi lililokunjuliwa chini ya injini. Kwa siku tatu boksi lilipata tone moja tu, ilhali daftari lilionyesha kwamba lita nzima ilikuwa ikitoweka kila baada ya kilomita 900 hivi. Baadhi ya watengenezaji huvumilia hadi lita 1 kwa kilomita 1,000, kwa hiyo nilikuwa nimevuka hata mpaka wa wavumilivu. Usitegemee taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi ikufanyie kazi hii, kwa sababu taa hiyo huonyesha presha wala si kiwango, na inapowaka bering za krenki huwa zimekwisha kuonja njaa ya oili.

Moshi nao una lugha yake. Mweusi ni petroli iliyozidi, mweupe mzito usiokoma injini ikishapata moto mara nyingi ni maji ya rejeta, na wa bluu ni oili. Lakini wakati unapotoka ndio unaosema zaidi kuliko rangi. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta kwa nguvu au kupanda mlima, shuku ringi. Ukitoka kidogo asubuhi unapowasha kisha ukaacha, au ukitoka unapokanyaga baada ya mteremko mrefu, shuku sili za valvu, yaani vipira vinavyozuia oili isipenye kando ya valvu, kwa sababu ukiachia mafuta ukiwa kwenye gia injini hufyonza kwa nguvu sana, na oili iliyo juu kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, huvutwa kupitia sili zilizochoka. Kitonga ilikuwa imekwisha kunijibu, nami sikuielewa.

Nilipopata fundi wa pili tulipima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda: injini ikiwa ya moto, plagi zote nje, umeme wa plagi na petroli umekatwa, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi chini. Silinda zilitoa psi (kipimo cha presha) 165, 160, 150 na 162. Tulidondosha kijiko cha oili katika kila silinda na kupima tena, na vipimo vilipanda kidogo tu. Vingepanda sana, ringi zingekuwa zimejitaja zenyewe. Hata hivyo kipimo hiki hakikamati kila kosa, kwa kuwa ringi ya chini, ile ya kukwangua oili, inaweza kuwa imegandishwa na masizi huku ringi za juu zikiendelea kubana vizuri. Angalia plagi pia: oili kwenye ncha inatoka ndani ya silinda, lakini oili iliyotuama kwenye shimo la plagi huku ncha ikiwa kavu ni gasketi ya kifuniko cha juu tu.

Tulianza na kitu cha bei ndogo kuliko vyote, yaani kile kivalvu cha kupumulia injini kinachoitwa PCV. Ukikitikisa kinatakiwa kilie. Changu kilikuwa kimya, kimejaa lami. Tulikibadilisha, na daftari likasogea hadi lita moja kwa kilomita 1,300. Ndipo tukazigeukia sili za valvu, ambazo watu wengi huamini haziwezi kubadilishwa bila kufungua silinda hedi. Fundi alitumbukiza kamba laini ya nailoni kupitia tundu la plagi, akaacha ncha nje, akazungusha krenki kwa spana mpaka pistoni ikapanda na kuikandamiza kamba kwenye valvu zisianguke ndani, kisha akafungua springi moja baada ya nyingine. Sili nilizopewa mkononi zilikuwa ngumu kama vifungo vya shati. Niliminya moja kwa kucha, ikapasuka.

Zipo injini ambazo kweli zinadai ringi, na hapo nasisitiza kwamba silinda zipimwe kwanza, kwa kuwa ringi mpya ndani ya silinda iliyotanuka au kuwa na umbo la yai hazitakaa, na moshi utarudi baada ya muda mfupi. Oili nzito na dawa za chupa za kuzuia moshi sizipendi: hupunguza dalili bila kugusa ugonjwa, na ndiyo maana hupendwa na anayetaka kuuza gari wiki ijayo.

Sasa ninaongeza lita moja kila baada ya kilomita 4,000 hivi. Plagi ya silinda ya tatu, ile ya psi 150, bado hutoka na unyevu kidogo kwenye ncha, nami bado ninabeba kopo la oili kwenye buti ninapokwenda Iringa. Safari iliyopita shemeji alikaa nyuma yetu tena pale chini ya Kitonga, na simu haikuita.