Beringi za spindeli zilizokwama
Beringi za spindeli (mhimili unaozungusha kifaa cha kukatia) ya mashine ya milingi, yaani ya kuchonga chuma, zikikwama, zibadilishe zote kwa pamoja, kwa sababu zikishakwama kwa joto au kutu, njia ambamo gololi huzunguka huwa zimechimbika, na hakuna grisi itakayorudisha usahihi wa mashine. Unapofunga mpya, zipashe joto hadi nyuzi 80 au 90 za Selsiasi, si kwa moto wa wazi, ili ziteleze kwenye shafti bila kugongwa, maana nguvu ya nyundo ikipitia kwenye gololi huziharibu kabla hata hazijazunguka. Kama zimefungwa kwa jozi, zingatia mwelekeo wake, yaani kila moja inatazama upande gani. Iwapo kilichozikwamisha ni grisi kuukuu iliyokauka tu, pasipo kutu wala vishimo, kuziosha kwa mafuta ya taa na kuzitia grisi mpya huenda kukatosha.