Jibu: Jicho la mzee lilizima kisha likarudi

Habari ndugu. Unasema jicho moja la mzee, hapo Ujiji, lilizima kama pazia limeshushwa, bila maumivu, likarudi baada ya dakika kumi, na duka la dawa wakakupa matone. Hayo matone yaweke kando.

Mama yangu, huku Tabora, alianza hivyo hivyo akipepeta mchele: akifumba jicho la kulia, ungo wote unatoweka. Kumbe shida ilikuwa shingoni. Mafuta yaliyoganda kwenye mshipa mkubwa yalimeguka, kipande kikapanda hadi jichoni. Kingeingia kwenye ubongo, angeweza kupooza.

Mpeleke hospitali ya Maweni, hapo Kigoma, leo hii, usingoje Jumatatu. Presha, sukari na moyo kwanza, kisha uulizie ultrasaundi ya mishipa ya shingo. Mimi si daktari. Aspirini msimpe kwa kubahatisha.