Nyumba ya marehemu baba Ujiji: kaka mkubwa anasema ni yake

SWALI: Assalaamu alaykum sheikh. Niko Ujiji, Kigoma. Baba yetu alifariki, huu ni mwaka wa tatu. Ametuacha na mama yetu, kaka wawili na sisi mabinti watatu, sote tumeolewa. Kaka mkubwa ndiye anayekaa kwenye nyumba na anapokea kodi ya vyumba vya mbele, ambayo baba aliipokea mwenyewe mpaka anafariki. Anasema baba alimwambia, "Nikifa nyumba hii ni yako." Pia alijenga vyumba viwili uani kwa pesa yake. Nikigusia mirathi naambiwa nina kwangu, nisivunje udugu. Je, nikidai napata dhambi?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakaatuh, dada yangu.

Hupati dhambi. Suratun Nisaa, aya ya 7, inasema wanaume wana fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, na wanawake wana fungu, kiwe kidogo au kingi. Hakuna mahali ndoa inapofuta fungu hilo. Hili la "una kwako" tunalisikia mno huku kwetu, na mara nyingi anayelisema ndiye aliyeshika funguo. Anayezuia haki ya dada yake ndiye anayeuchezea udugu.

Neno la baba, "nikifa ni yako," ni wasia, na Mtume (s.a.w.) amesema hakuna wasia kwa mrithi. Haupiti mpaka warithi wengine waridhie baada ya kifo, na kunyamaza kwa kuona haya hakuhesabiwi kuwa ni kuridhia. Huenda kaka akageuza, akasema alipewa baba angali hai. Basi aulizwe: alikabidhiwa lini? Sayyidna Abubakar (r.a.) alimpa bintiye Aisha (r.a.) wasaki 20 (kipimo cha zamani cha mazao) za tende za shamba lake la Ghaba, naye akawa hajazichukua. Mauti yalipomkaribia alimwambia kuwa lau angezichukua zingekuwa zake, lakini leo ni mali ya warithi. Baba yenu alilala humo na kupokea kodi mpaka mwisho, kwa hiyo nyumba haikutoka mikononi mwake.

Vyumba vya uani ni jambo lingine, na hapo msimdhulumu kaka. Ikithibiti kwamba alijenga kwa idhini ya baba na hakukusudia kumpa zawadi, thamani ya ujenzi ni haki yake, itolewe kabla ya kugawa. Kiwanja kinabaki cha wote. Kodi aliyopokea tangu msiba nayo ni ya warithi wote, ailetee hesabu.

Yakishalipwa madeni ya marehemu, na kama wazazi wake walimtangulia, nyumba inakatwa mafungu 8. Mama fungu 1, ambayo ndiyo thumni yake, yaani moja ya nane, kila kaka 2, kila dada 1. Tuseme imethaminiwa shilingi milioni 40: mama milioni 5, wewe 5, kaka mkubwa 10. Akitaka kubaki nayo, awalipe wengine milioni 30 yao, hata kwa awamu mkikubaliana kwa maandishi. Hana? Iuzwe. Na mama aulizwe peke yake, si mbele ya mwanawe, maana wajane wengi huacha thumni yao kwa kumwogopa anayewalisha.

Katika kitabu cha hadithi cha Sunan Abu Daud wamo wawili waliogombea mirathi ya zamani bila ushahidi. Mtume (s.a.w.) aliwaonya kuwa atakayehukumiwa haki ya ndugu yake amekatiwa kipande cha moto. Wakalia, kila mmoja akasema, "Haki yangu nimekuachia." Hata hivyo aliwaamuru wagawane, watafute lililo sawa, wapige kura, kisha wahalalishiane.

Kwa hiyo muiteni baba mdogo au mzee anayeheshimiwa na kaka, pamoja na mjuzi wa mirathi, na muandike mtakachoafikiana. Akikataa, mmoja wenu aombe usimamizi wa mirathi Mahakama ya Mwanzo, akieleza kuwa marehemu alikuwa Mwislamu na mnataka igawiwe kwa sheria ya Kiislamu. Na huyo msimamizi, hata ukiwa wewe, amekabidhiwa kazi ya kugawa tu, hapati fungu la ziada kwa cheo hicho. Wallaahu aalam.